Kutumia simu na tableti kasualti kumlinda mgonjwa mwenye mawazo ya kujiua

Hii naandikia nyinyi mnaofanya kazi kasualti hapa Nairobi, sista, klinikal ofisa, daktari intani, kaunsela, na hata yule wa rekodi anayekaa dirishani, juu nyote mnakutana na huyu mgonjwa hata kama kwa faili yake imeandikwa maumivu ya tumbo ama ajali ya boda. Nataka tuone vile simu, tableti na kompyuta ya kawaida zinaeza kusaidia asife akishatoka kwenu. Hakuna mitambo ya mamilioni hapa. Vitu vingi mko navyo tayari, na chenye nguvu kuliko vyote ni kumpigia mgonjwa simu akishafika nyumbani, nitafika hapo na nitakaa hapo sana.

Mbona kasualti? Juu mtu ambaye amewahi kujaribu kujiua ndiye ako kwa hatari kubwa zaidi ya kufa hivyo siku zijazo, na akijaribu analetwa kwenu. WHO wanasema watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Na zile siku na wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali ndizo mbaya. Mnamtibu, presha inatulia, anasainiwa, anatoka kwa geti na karatasi ya dawa, na hapo kwa geti ndipo huwa tunamuachilia kabisa.

Anza kwa kutoa polisi kwa fomu

Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, mtu angeeza kufungwa hadi miaka 2. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema hicho kifungu kinaenda kinyume na Katiba. Hii inagusa moja kwa moja vifaa vyenu, juu mgonjwa anayeogopa kushikwa hatasema ukweli, awe anaongea na wewe ama anabonyeza skrini. Fungueni fomu zenu za kompyuta muangalie kama bado kuna kisanduku cha nambari ya OB, ile ya kitabu cha polisi, kinachotokea mtu akiandika ni jaribio la kujiua. Kama kiko, mwambieni mtu wa kompyuta akitoe leo. Ikiwa kuna mtu alimpiga ama alimlisha kitu kwa nguvu hiyo ni hadithi nyingine na iko na fomu yake. Halafu juu ya swali la kwanza muweke maneno haya ama yanayofanana: "Majibu yako ni ya kukusaidia kimatibabu. Hatuiti polisi kwa sababu umetuambia vile unavyojisikia."

Maswali ya kuweka kwa tableti

Msitunge yenu. Kuna maswali mafupi yanaitwa ASQ, yalitengenezwa na taasisi ya kitaifa ya afya ya akili ya Marekani, ni ya bure, yamejaribiwa kwa kasualti na yanachukua kama sekunde 20. Kuna pia ile ya Chuo Kikuu cha Columbia ambayo ni ndefu kidogo. Chagueni moja, hospitali yote itumie hiyo hiyo, juu mkichanganya hamtaelewana kwa hendova, shifti moja ikikabidhi nyingine. ASQ kwa Kiswahili cha kueleweka inakaa hivi: wiki chache zilizopita, umetamani ungekuwa umekufa? Wiki chache zilizopita, umehisi kwamba wewe ama familia yako mngekuwa afadhali kama ungekuwa umekufa? Wiki hii iliyopita, umekuwa na mawazo ya kujiua? Umewahi kujaribu kujiua, na kama ndio, ni lini na ilikuwaje? Akijibu ndio kwa yoyote kati ya hizo nne, ama akikataa kujibu, unauliza la tano: saa hii unavyokaa hapa, una mawazo ya kujiua?

La tano likiwa ndio, huyo ni dharura. Haachwi peke yake hata dakika moja, anatolewa mahali kuna vitu vya kujidhuru, na daktari anaitwa sasa. La tano likiwa hapana lakini kuna ndio huko juu, bado hatoki hospitali kabla mtu aliyefunzwa hajakaa naye chini akamuuliza kwa kina. Hizo ndizo njia mbili, na mziandike kwa karatasi kubwa ukutani pale triaji, mahali mgonjwa anaangaliwa kwanza, kabla tableti haijanunuliwa. Ikiwa hamjui nani ataitwa saa nane usiku, msianze bado. Kumuuliza mtu kama anataka kufa, akubali, halafu aambiwe angoje foleni ya kadi, hiyo ni kumuumiza.

Na wale wanaosema ukimuuliza mtu kuhusu kujiua utamtia wazo, utafiti hauungi mkono hiyo. Wengi wanapumua kwamba hatimaye mtu ameuliza. Uliza kwa jina lake, kujiua, usizunguke na "mawazo mabaya" juu kila mtu Nairobi hii ako na mawazo mabaya mwisho wa mwezi.

Muulize nani? Ikiwezekana kila mtu kuanzia miaka 12 ambaye ako macho na anaeza kuongea, awe amekuja na kifua ama mguu. Kule Marekani kulikuwa na utafiti wa ED-SAFE kwa kasualti 8, walipoanza kuuliza kila mgonjwa, idadi ya waliogunduliwa ilipanda kutoka asilimia 2.9 hadi 5.7. Karibu mara mbili, na hao walikuwa wanapita hapo kila siku bila mtu kujua. Kama kwenu hamna watu wa kutosha kuuliza wote, anzeni na hawa: waliomeza kitu, waliojikata, ajali ambazo hazieleweki, walevi wanaorudi kila wiki, waliopigwa nyumbani, na mama waliojifungua juzi.

Kwa nini tableti na si mdomo tu

Sababu kubwa ni faragha. Mnajua triaji zetu, benchi moja, watu sita, mama mkwe amesimama nyuma, askari wa mlangoni anasikia kila kitu. Hapo huwezi kupata jibu la kweli kwa mdomo hata ukiwa mpole namna gani. Lakini mtu akipewa skrini ndogo mkononi na hedfoni anajibu kimya kimya na hakuna anayejua anajibu nini. Hii si mpya, tangu 1973 huko Wisconsin walikuwa wanajaribu kompyuta kuuliza wagonjwa haya maswali na wengi hawakuona shida kuiambia. Mwenye kukuja naye mpe kazi, mtume akalipie kadi ama alete maji, halafu toa tableti.

Vile ya kuitengeneza si ngumu. Tumieni ODK ama KoboToolbox, ni programu za kutengeneza fomu, zote zinafanya kazi kwa Android, zinaendelea hata bando ikiisha, halafu zinatuma data mtandao ukirudi. Kuna watu wengi hapa Nairobi wamezitumia kwa utafiti, tafuteni mmoja atawatengenezea fomu jioni moja. Hakikisheni wameweka sauti, yaani mgonjwa akibonyeza alama ya spika swali linasomwa kwa Kiswahili, Kikuyu, Dholuo, Kikamba, Kisomali, chochote mnachopata sana kwenu. Sauti irekodiwe na mtu mwenye sauti tulivu, isisomwe kama taarifa ya habari, na kabla ya kuitumia mpeni mtu wa lugha hiyo asikilize aseme kama inaeleweka, juu mara nyingi tunatafsiri vitu vya hospitali mpaka shosho haelewi anaulizwa nini. Asiyeona vizuri ama asiyezoea skrini, sista aketi naye pembeni amuulize mwenyewe, tableti isiwe kisingizio cha kumruka.

Kuna vitu vidogo ambavyo vikikosewa vinaharibu yote. Skrini ya mwisho isiandike HATARI kwa rangi nyekundu, juu jamaa zake wataona. Weka "Asante, mrudishie sista" kwa kila mtu, lakini rangi ya pembeni iwe tofauti, na nyinyi tu ndio mnajua maana yake. Tableti irudi mkononi mwa sista, isiachwe kaunta, kwa sababu fomu isiyo na mtandao haitumi onyo kwa mtu yeyote, inakaa tu hapo na lile jibu. Tumieni ile setingi ya Android ya kufungia skrini kwa programu moja ili mgonjwa asitoke kwa fomu akaingia kwa rekodi za wengine. Futeni na spiriti kila mara. Na waya za chaja zikae kaunta, asiachiwe mgonjwa.

Kama kuna mfumo wa kompyuta wa hospitali, jibu liingie kwa faili ya mgonjwa siku hiyo hiyo. Shifti ikibadilika saa moja asubuhi na jibu liko kwa tableti iliyofungiwa kabatini, ni kama hakuulizwa.

Maksi na mashine za kutabiri

Mtaletewa watu wa kuuza. Watasema programu yao inasoma rekodi na inatabiri nani atajiua, inampa maksi, na wewe unashughulika na wale wa juu tu. Kuweni makini hapa. Hospitali za maveterani, yaani wanajeshi wa zamani, Marekani tangu 2017 wana mpango unaosoma rekodi na kutoa majina ya wale asilimia 0.1 wenye hatari kubwa zaidi, lakini kazi yake ni kumfanya daktari amkumbuke mtu na kumpigia, haimfungii mtu mlango. Uingereza ile taasisi yao ya miongozo ya matibabu, NICE, ilisema wazi mwaka 2022 kwamba vipimo na mizani ya hatari visitumiwe kutabiri nani atajiua, wala kuamua nani apate matibabu na nani arudishwe nyumbani. Mimi nakubaliana nao kabisa. Mtu mwenye maksi ndogo leo anaeza kupigiwa simu ya kufutwa kazi kesho. Na mashine iliyofunzwa na rekodi za watu wa kule haijui kitu kuhusu mtu wa Kayole ambaye hana rekodi yoyote popote.

Kwa hivyo maswali ya triaji ni ya kufungua mazungumzo. Uamuzi unabaki kwa mtu aliyekaa na mgonjwa. Na msimkabidhi mgonjwa anayetaka kufa kwa programu ya kuchati, hata iwe na lugha tamu vipi.

Akiwa bado anangoja

Masaa ya kungoja ni mengi na kasualti ni kelele tupu, mtu mwenye mawazo ya kufa akikaa hapo masaa sita anazidi kuamini hana maana kwa mtu yeyote. Kule Marekani wametengeneza tableti ya Jaspr ambayo mgonjwa anaitumia akiwa kitandani, ina video za watu waliopitia hayo wakapona, mazoezi ya kupumua, na inamsaidia kuanza kuandika mpango wake. Hatuna lazima ya kuinunua. Mnaeza kuweka kwa tableti yenu video fupi mbili tatu za Kiswahili, mtu wenu wa kaunseling akieleza nini kitafanyika leo, nani atakuja kumuona na kwa nini anangoja. Hiyo peke yake inatuliza.

Na chaji simu yake. Nasema hivi nikimaanisha. Wengi wanafika simu imezima, na simu iliyozima ina nambari za watu wote wanaoeza kumsaidia usiku huo, na pia ndiyo nambari mtakayompigia kesho. Wekeni kaunta chaja za aina zote, hata ya kabambe, ile simu ndogo ya vifungo. Ikiwaka, muombe namba mbili, yake na ya mtu mmoja anayemwamini, halafu zipige hapo hapo mbele yake mhakikishe zinaita. Namba zilizoandikwa haraka kwa faili huwa zimekosa tarakimu moja na mnagundua wiki moja baadaye.

Mpango wa usalama unaoingia kwa simu

Huu mpango ulitengenezwa na Barbara Stanley na Gregory Brown, uko na hatua sita, na mwaka 2018 ukatoka utafiti kutoka kasualti za maveterani wa Marekani, wagonjwa 1,640. Waliofanyiwa huo mpango na kupigiwa simu baadaye walikuwa na matukio ya kujiua ama kujaribu machache kwa karibu asilimia 45 katika miezi sita ukilinganisha na waliopata huduma ya kawaida. Unachukua kama dakika 20 hadi 40. Najua mnasema dakika 40 zitatoka wapi, lakini huyu mtu akirudi mara ya pili mtatumia usiku mzima.

Kaeni naye, maneno yawe yake. Kwanza dalili kwamba mawazo yanakuja: "nikianza kuzima simu na kulala mchana", ama "watu wa apu ya mkopo wakianza kupigia ndugu zangu". Pili vitu anaeza kufanya peke yake kusukuma muda: kufua, kutembea hadi steji na kurudi, kuomba, kusikiliza redio. Tatu mahali na watu wa kumtoa kwa mawazo bila kulazimika kueleza shida, kinyozi, msikiti, mazoezi ya kwaya, mahali wanatazama mpira. Nne watu anaoeza kuambia ukweli. Tano wataalamu na namba za dharura. Sita, na hii ndiyo mnaruka sana, kuweka mbali vitu anavyoeza kutumia kujiua.

Kwa hiyo ya sita muulize kwa upole alikuwa anafikiria kutumia nini, halafu mpange pamoja nani atakitoa nyumbani leo kabla hajafika. Kama ni dawa, zikae kwa dada yake apewe za siku moja moja. Kama ni dawa ya wadudu ama ya shamba, itoke nyumba kabisa. Mpigie huyo dada simu mgonjwa akiwa hapo na akikubali, kisha umwambie akimaliza atume meseji "nimetoa". Mawazo makali mara nyingi huja kwa nguvu na kupungua, mtu akikosa kitu karibu kwa hayo masaa anapata nafasi ya kuishi, na watu wengi walionusurika hawafi kwa kujiua baadaye.

Sasa kuingiza kwa simu. Kuna apu za mpango wa usalama, Australia wana BeyondNow, na mtu mwenye simu kubwa anayejua Kiingereza akipenda ni sawa aitumie. Lakini wengi wenu mtapata mtu wa kabambe ama simu ya familia. Fanyeni hivi: andika kwa karatasi pamoja naye, halafu kama simu ina kamera mwambie apige picha yeye mwenyewe. Kama ni kabambe, andika hatua kwa ufupi kama meseji na umtumie kwa namba yake, bila neno kujiua ndani. Muulize kwanza nani mwingine anashika hiyo simu. Kama mume anaisoma na mume ndiye shida, mpango unabaki kwa kichwa na kwa karatasi ndogo anayojua pa kuificha, na namba yenu inahifadhiwa kwa jina la kawaida, ya fundi wa cherehani ama ya chama. Asiyejua kusoma, rekodi sauti yake mwenyewe akisema hatua zake, atazisikiliza. Nimependa sana hii ya sauti juu mtu akiwa chini anajisikia yeye mwenyewe akijiambia afanye nini.

Namba za kumwekea: 1199 ya Kenya Red Cross ambayo ni bure, Befrienders Kenya 0722 178 177, na kwa watoto 116 ya Childline Kenya. Kila mwezi mtu mmoja wenu azipige zote, mchana na usiku, muone kama zinashikwa. Namba isiyoshikwa ukimpa mtu saa hizo umemvunja moyo zaidi.

Kumpigia simu akishatoka

Hapa ndipo nilisema nitakaa. WHO walifanya utafiti kwa kasualti za miji mitano, Campinas Brazil, Chennai India, Colombo Sri Lanka, Karaj Iran na Yuncheng China, wagonjwa 1,867 waliojaribu kujiua. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu walikaa na mtu kama saa moja wakaelezwa kuhusu mawazo ya kujiua na njia zingine za kutoka, halafu wakatafutwa mara tisa kwa miezi 18, kwa simu ama kutembelewa. Matokeo yalitoka 2008: waliokufa kwa kujiua upande wa huduma ya kawaida ni asilimia 2.2, upande wa waliotafutwa ni asilimia 0.2. Hizo ni nchi ambazo hospitali zao zinafanana na zetu, foleni ile ile, uhaba wa madaktari ule ule. Hawakutumia dawa mpya. Walitafuta mtu wakamuuliza uko aje.

Ratiba yao ilikuwa wiki ya 1, 2, 4, 7 na 11, halafu mwezi wa 4, 6, 12 na 18. Mimi ningeongeza simu moja ndani ya masaa 24 hadi 72 ya kwanza. Wekeni hizo tarehe kwa Excel ama kwa kalenda ya simu siku ile ile anatoka, mgonjwa awe ni namba ya siri na si jina, na ikumbushe asubuhi ya kila siku ni nani apigiwe.

Simu iwe ya hospitali, na laini ya hospitali, na iwe inahendova kama funguo za kabati la dawa. Msitumie simu zenu binafsi, juu siku uko likizo ama umehamishwa Machakos mgonjwa anapiga hakuna anayeshika, na pia mtachoka hamtalala. Aliyempigia wiki iliyopita akiwa zamu ni vizuri apige tena, sauti inayojulikana inafungua moyo.

Unasema nini? Fupi. "Habari yako mama, ni mimi tuliongea Jumanne, nilikuwa nakuwaza nikasema nijue umeamkaje. Uko peke yako tuongee?" Kama hayuko peke yake unamuuliza saa ya kupiga tena na unapiga saa hiyo kweli. Akiwa huru unauliza mawazo yamerudi, ule mpango ameutumia wapi, vile vitu vilitoka nyumba, amefika kliniki ama nauli ilimshinda. Nauli inawashinda wengi sana, na kama hospitali iko na mtu wa ustawi wa jamii muunganishe hapo hapo. Akisema anataka kujiua sasa, usikate simu, mwenzako apige simu nyingine kwa yule mtu anayemwamini na kwa ambulensi, wewe endelea kuongea.

Kwa wale ambao hamuezi kuwafikia wote kwa simu, kuna meseji, na hapa Kenya tuko na mfano wetu wenyewe. Kuanzia 2007 kulikuwa na utafiti wa WelTel kwa wagonjwa 538 waliokuwa wanaanza ARV, baadhi hapa Pumwani. Kila wiki walitumiwa neno moja, "Mambo?", na walitakiwa kujibu Sawa ama Shida ndani ya masaa 48. Aliyesema Shida ama aliyenyamaza alipigiwa na nesi. Jarida la matibabu la Lancet likaichapisha 2010, waliomeza dawa vizuri walikuwa asilimia 62 dhidi ya 50 ya wasiotumiwa. Ilikuwa ya HIV, lakini muundo wake unafaa hapa kabisa: swali dogo, jibu dogo, na mtu halisi nyuma ya Shida.

Mkiiga, angalieni mambo mawili. Meseji zile za jumla zinazoonyesha jina la hospitali badala ya namba, mgonjwa hawezi kuzijibu, kwa hivyo tumieni laini ya kawaida ama namba fupi inayopokea majibu. Na jina la hospitali kwa meseji linaeza kumuanika, andika tu "Ni sisi wa Jumanne. Uko aje leo? Jibu SAWA ama SHIDA." Kwa mzee andika kwa heshima yake, "Habari mzee wetu", hiyo ya Mambo ni ya vijana. Nani anasoma majibu Jumapili usiku? Kama hakuna, meseji iseme wazi inasomwa saa ngapi na kwa dharura apige 1199.

Kuna pia aliyekataa msaada wote na akatoka kwa hasira. Huyo pia mtumie maneno mafupi ya kujali bila kumdai kitu. San Francisco daktari Jerome Motto alifanya hivyo kwa barua, kwa watu 843 waliokataa kuendelea na matibabu, na waliotumiwa barua walijiua kwa kiwango cha chini kuliko wale wasiotumiwa katika miaka miwili ya kwanza. Kama anakubali, CHP wa mtaa, yaani mhudumu wa afya ya jamii, anaeza pia kupita kumuona, wamepewa simu za kazi tangu 2023, lakini muulize kwanza maana CHP anaeza kuwa jirani yake wa mlango wa pili na hataki.

Siri

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Kwa kazi hii maana yake ni: kila mtu na paswadi yake, tableti ifungwe na namba, orodha ya simu isikae kwa WhatsApp ya shifti, na picha ya mgonjwa ama ya faili yake isipigwe na simu ya mtu binafsi hata kama ni "kuomba ushauri". Mwambie mgonjwa utampigia na kwa nini, akubali, uandike amekubali. Akisema hataki simu mheshimu, mpe namba yenu, basi.

Mkianza wiki ijayo

Anzeni na shifti moja na simu moja, na msingoje tableti, maswali matano yanaeza kuanza kwa karatasi chumba cha pembeni. Kila mwisho wa mwezi muhesabu vitu vinne tu: wangapi waliulizwa, wangapi walisema ndio, wangapi walitoka na mpango wa usalama, na wangapi walishika simu wiki ya kwanza. Kama ya mwisho iko chini, mara nyingi shida ni namba zilizoandikwa vibaya ama mnapiga saa za kazi wakati mtu ako mjengoni na kelele, jaribuni jioni. Karatasi zibaki tayari stima ikipotea.

Wanaopiga hizi simu wapewe muda kwa rota, isiwe kazi ya kufanya ukimaliza zingine zote, na wabadilishwe, juu ni nzito. Na ikitokea mgonjwa mliyekuwa mnampigia amefariki, kaeni pamoja siku hiyo, aliyeongea naye mwisho aondolewe kwa zamu ya simu mpaka aseme ako sawa, na yeye pia aambiwe 1199 ni yake.